MREJESHO: Yule niliyeuliza kuhusu kocha wa kukimbia, Mtwara

Wakuu habari zenu, niliuliza kama kuna haja ya kumlipa kocha anipangie mazoezi ya km 21 za Kilimanjaro Marathon au nitumie tu programu za bure za kwenye simu, wengi mkasema nitafute mtu atakayeniona kwa macho, basi nikampata mmoja hapahapa Mtwara, mwalimu wa michezo, na Jumapili nimemaliza mbio salama kabisa.

Alichofanya ambacho simu isingeweza: aliona mi naishi Shangani, tambarare tupu na joto la pwani, halafu naenda kukimbia Moshi ambako njia inapanda kuelekea Mweka. Ndo maana kila wiki lazima siku moja twende Mikindani, kile kilima cha Boma la zamani, unapanda kwa kasi unashuka taratibu, unapanda tena, mpaka mapaja yanawaka moto. Siku zingine ni mbio za polepole alfajiri kabla jua halijachachamaa, kipimo chake uweze kupiga stori huku unakimbia, ukishindwa kuongea punguza. Mi nilihisi ananichelewesha aisee, ila pumzi ndo inajengwa hapo.

Wiki mbili za mwisho akakata kilomita karibu nusu, kazi ikawa kulala na kula muhogo kwa samaki (hapo sikubisha hata).

Aliyeuliza bei, tulielewana kwa mwezi na ni nafuu kuliko raba nilizonunua. Anayemtaka aje inboksi.