Mjadala: Mtafiti akisaidia kupitisha sheria ya bunduki, bado ni mtafiti?

Mleta mada:

Wakuu, tarehe 25 Oktoba 2023 askari wa akiba wa jeshi la Marekani aliua watu 18 kwa risasi mjini Lewiston, jimbo la Maine. Mji huo na jirani yake Portland ni makazi ya ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, kwa hiyo msiseme ni mambo ya Wazungu.

Kinachoniuma ni kwamba familia yake ilishatoa taarifa. Mwezi Mei mwaka huo mtalaka wake na mtoto wao waliwaambia polisi kuwa mtu huyu anasikia sauti, anaamini watu wanamsema vibaya, na ana bunduki nyingi. Septemba askari mwenzake akaonya kwamba anaweza kuua watu wengi. Polisi walifika kwake, hakufungua mlango, wakaondoka.

Maine wakati huo ilikuwa na sheria iitwayo "bendera ya njano". Polisi tu ndio waliokuwa na uwezo wa kuianzisha: wamkamate mtu, apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo hakimu aamue kuhusu silaha zake. Mke, mzazi au mtoto hakuwa na njia ya kwenda mahakamani mwenyewe. Novemba 2025 wananchi walipiga kura wakapitisha "bendera nyekundu", inayoipa familia njia hiyo.

Saini za kuipeleka kura hiyo kwa wananchi zilikusanywa na wanaharakati. Lakini wazo lenyewe lina mkono wa watafiti, na hapo ndipo nataka tujadili. Baada ya mauaji ya watoto katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, mwaka 2012, kilio kikubwa kilikuwa "wagonjwa wa akili wanyimwe bunduki". Mwaka 2013 kundi la watafiti wa afya ya jamii, wanasheria na wataalamu wa magonjwa ya akili lilisema hapana: ugonjwa wa akili peke yake hautabiri vurugu, angalieni mwenendo wa hatari. Vitisho, kupiga watu, ulevi, kusema anataka kufa. Likapendekeza amri ya muda ya mahakama ya kumwondolea mtu wa namna hiyo silaha. California ikapitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2014, Florida ikafuata 2018 chini ya gavana wa Republican, chama ambacho kwa kawaida hutetea wenye bunduki, na leo yamezidi majimbo 20.

Kwangu mimi hiyo ni kazi halali ya msomi. Bila wao, hasira ya watu ingewaangukia wagonjwa wasio na hatia.

Mchangiaji:

Mkuu, uchungu wako naupata, hoja yako siikubali. Sheria ya njano haikushindwa, ofisi ya sherifu, yaani polisi wa eneo lile, ndiyo haikuitumia. Tume huru iliyochunguza imesema wazi kwamba sababu za kumkamata zilikuwepo. Baada ya msiba polisi waliitumia mara nyingi sana. Gavana Janet Mills mwenyewe, Mdemokrati, aliipinga kura ile.

Na hao watafiti wako wajichunge. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka kifungu kinachokataza fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kutumika kutetea udhibiti wa silaha, kwa sababu watu waliona wasomi wana upande. Fedha za utafiti zikakauka kwa zaidi ya miaka 20. Msomi akishapanda jukwaani na wanaharakati, kesho nani ataamini takwimu zake? Halafu mtu ananyang'anywa mali yake kabla hajasikilizwa.

Mleta mada:

Hili la kusikilizwa ni zito, sikatai. Ndiyo maana amri ya kwanza ni ya siku chache, kisha mhusika anaitwa kujitetea mbele ya hakimu. Kama mahakama zitachelewesha kikao hicho, nitakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Kuhusu 1996, tazama kilichofuata. Watafiti waliogopa, wakakaa pembeni, na mabunge ya majimbo yakabaki na machozi ya wafiwa upande mmoja na chama cha wenye bunduki upande wa pili. Mbunge anayetaka kujua kipi kinafanya kazi alimuuliza nani?

Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipitia kesi 762 za Connecticut, jimbo lililoanza na sheria hii mwaka 1999. Walikadiria kwamba kwa kila bunduki kuchukuliwa mara 10 hadi 20, mtu mmoja aliokolewa asijiue. Na Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi wanajiua. Kampeni nyingi huanza baada ya mauaji ya halaiki, lakini ushahidi ulio imara zaidi unahusu yule baba aliyejifungia chumbani na bastola. Mwanaharakati hapendi kusema hivyo, maana kamera hazimfuati baba huyo. Mtafiti ndiye anayepaswa kumwambia asiahidi kisichothibitishwa, na hawezi kumwambia kama hayupo kwenye kikao muswada unapoandikwa.

Sasa nijibu wewe. Umesema polisi ndio hawakuitumia sheria. Yule mama na mwanawe, waliokwisha kwenda polisi mwezi Mei, ulitaka waende wapi tena?