Umbea unaopitia mlango wa maombi, nifanyeje?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri. Kwenye kikundi chetu cha maombi kuna mama mmoja, kila tukikutana ana ombi la mtu mwingine: "Tumwombee fulani, ndoa yake inayumba, ila msiseme mimi nimesema." Maelezo marefu, maswali juu ya maswali, halafu maombi yenyewe sentensi moja! Mathayo 18:15 inataka nimwendee tukiwa wawili tu, lakini huyu amenizidi umri na ndiye aliyenilea kiroho. Nikinyamaza naonekana naafiki. Nikibadilisha mada, anairudisha. Nikiacha kwenda, bila shaka nitaombewa mimi. Mliowahi kukutana na hili, mlianzaje kuzungumza naye bila kumvunjia heshima? Au nimwone mchungaji kwanza? Nahofia na huo utakuwa umbea.