Miche ya machungwa: jicho, kikonyo au mbegu?

Mkulima_Tororo
Habari zenu ndugu. Nina miche ya limau la kienyeji, lile la ganda lenye makunyanzi, na sasa imefikia unene wa penseli. Jirani ana mchungwa wa Valencia unaozaa vizuri. Amekubali nikate matawi machache tu. Juu ya miche hiyo ya limau nipandikize jicho, nibebeshe kikonyo (kipande cha tawi chenye macho kadhaa), au nipande mbegu za hiyo Valencia niachane na visu? Mvua ya Machi imeshashika huku.

Kitalu_Kumi
Machungwa ni jicho. Tawi la shubiri moja lina macho sita, saba, na kila jicho ni mche. Ukilikata vikonyo utapata miwili, labda mitatu, nawe matawi umepimiwa. Tena jicho likifa, limau lako bado zima, unageukia upande wa pili wa shina. Kikonyo kikifa umeshaukata mche kichwa.

Chagua matawi ya duara, si yale machanga yenye pembe pembe. Majani yakate, vijiti vyake viache. Sentimita 20 hivi juu ya udongo pasua ganda la shina la mche kwa umbo la T, teremsha jicho, funga kwa utepe wa kaveera (mfuko wa plastiki), kaza. Kisu kiwe kikali na kisafi. Wiki mbili tatu baadaye fungua, gusa kijiti: kikidondoka kirahisi, jicho limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, hesabu hasara.

Mama_Machungwa
Nakubali, ila mbegu zinasingiziwa. Watu wanasema tunda litabadilika. Kwa Valencia, miche mingi ya mbegu hufanana na mama yake. Shida ni kungoja. Mti wa mbegu unarefuka na miiba yake, miaka saba inaweza kupita hujaonja kitu, wakati wa jicho unakupa matunda ya kwanza kwenye mwaka wa tatu hivi. Na chungwa tamu likisimama kwa mizizi yake lenyewe huoza shina upesi penye maji.

Ovakado_Kasese
Huku kwetu mambo ni mengine. Ovakado ya Hass tunaibebesha kikonyo cha ncha: mche unapasuliwa kati, kikonyo kinachongwa kama kabari, kinafungwa. Embe nalo wengi hufanya hivyo. Kwa hiyo msomaji mwenye maembe asichukue ushauri wa Kumi mzima mzima.

Kitalu_Kumi
Sawa kabisa, mimi nasemea machungwa.

Busia_Mpakani
Kwani miche ya kununua ina kosa gani? Imejaa kando ya barabara, tayari imebebeshwa.

Mama_Machungwa
Nani atakuambia macho yake yalitoka mti gani, na chini kuna nini? Virusi vya tristeza husafiri ndani ya jicho, kisha vidukari vinavisambaza shambani. Chungwa tamu lililopandikizwa juu ya mdanzi (mchungwa mchungu) likipata tristeza hukauka. Juu ya limau hilo la kienyeji huvumilia, na jua la Januari pia mizizi yake inalistahimili. Ubaya wake ni bondeni: maji yakituama, shina linatoa utomvu na kuoza. Panda penye mwinuko, na pale lilipoungwa jicho pasifukiwe na udongo.

Mkulima, ule mti wa jirani uuchunguze kwanza. Matawi yakiwa yanakauka kuanzia nchani, mshukuru, uende kwingine.

Mkulima_Tororo
Majani yake mazuri, nimeangalia. Na mvua ikikatika kabla sijamaliza?

Kitalu_Kumi
Ganda litagandamana na mti, T haitafunguka. Mwagilia miche kwa wiki kadhaa mpaka itoe majani mapya, ujaribu tena. La sivyo fanya jicho la kipande: unachonga kipande cha ganda na mti kidogo, unaweka kingine cha ukubwa uleule chenye jicho. Hiyo haingoji ganda lifunguke, lakini inataka mkono uliozoea. Jizoeze kwa matawi ya kutupa.

Mkulima_Tororo
Likishika, limau nalikata lini?

Kitalu_Kumi
Likishaanza kuvimba. Kata juu yake, au vunja shina nusu ulilaze upande wa pili, majani yaendelee kulisha mche. Shina hilo ulikate kabisa wakati jicho limeshakuwa tawi. Machipukizi yote ya chini ya jicho yang'oe kila wiki, maana limau hukua kwa fujo. Nimeona shamba la mtu lililoandikwa Valencia likivunwa malimau makali tupu.

Busia_Mpakani
Hahaha, huyo aliuziwa kando ya barabara?

Kitalu_Kumi
Hapana, alijipandikizia mwenyewe, akasafiri.