Mrejesho: Pikipiki iliyonilalia mchangani, njia ya Marafa

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Niliuliza namna ya kuiinua peke yangu pikipiki ya safari yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, baada ya kuangukia mchangani nilipokuwa nikitoka Mambrui kwenda Marafa na kukaa juani hadi vijana wawili waliponisaidia.

Jumamosi ilianguka tena, ubavu wa kulia. Nilizima injini mara moja kwa kuwa petroli ilikuwa ikidondoka kwenye kifuniko cha tangi, nikaingiza gia ya kwanza ili isibingirike, na kwa kuwa stendi ilibaki upande wa juu, nikaifungua kabla ya kuinua. Kisha nikaipa mgongo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, nikachuchumaa, nikashika mpini kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, nikarudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Ilisimama! Aliyenisisitiza kwamba kazi ni ya miguu, si ya kiuno, namshukuru kwa dhati.

Mchanga wa huko ni laini kama unga, nao ulimeza ncha ya stendi hadi nikaikinga kwa kipande cha ubao, ambacho sasa sisafiri bila hicho. Mkono wa breki ya mbele ulipinda kidogo tu.

Upepo wa tairi nimeushusha kutoka paundi 36 hadi 22 ninapoacha lami, na gurudumu la mbele halichimbi tena kama awali.