Tupeane uzoefu: mkienda kuwaona wazee wenu, mnapiga stori gani nao?

Mjukuu wa Tatu

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikwenda kumwona babu mzaa mama. Ana miaka 87, masikio yamechoka lakini kichwa bado kipo. Safari yenyewe nilikuwa nimeiahirisha mara nne, kwa hiyo nilifika nikijiona mkosaji, nikataka kufidia kwa maneno. Shikamoo, marahaba, kazi zinaendeleaje, watoto hawajambo. Dakika kumi zimeisha. Kimya.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikatoa simu nikaanza kumwonyesha picha za zamani: "Babu, huyu unamkumbuka? Na huyu je? Hapa ilikuwa mwaka gani?" Akapatia mbili tatu, ya nne akakosea, nami bila aibu nikamsahihisha. Akaniangalia, akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, huu mtihani unaisha saa ngapi?" Shangazi akaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Huyo huyo shangazi ndiye aliyeninusuru, tena bila kukusudia. Alikuwa anapanga kabati, akairushia kwenye kochi futi ya babu, ile ya utepe wanayotumia mafundi cherehani, namba zimefutika hadi inchi ya nane. Babu alishona zaidi ya miaka 40. Akaiokota bila hata kuitazama, akaitundika shingoni, na mikono ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Simama." Nikasimama. Akanipima bega kwa bega, miwani iko mezani, kidole gumba kinapita kwenye mshono wa shati. "Bega lako la kulia limeshuka. Begi unalibeba upande mmoja." Kweli tupu. Begi la kompyuta, upande huo huo tangu niko chuo.

Baada ya hapo nilipata saa nzima na nusu. Mteja aliyegoma kulipa kwa sababu mguu mmoja wa suruali ulizidi mwenzake upana wa vidole viwili. Babu alivyokesha akiifumua na kuishona upya. Na jinsi mteja huyo mkorofi alivyokuja kuwa baba mkwe wake. Kumbe bibi tumempata kwa suruali mbovu! Nina miaka 34, sikuwahi kuisikia.

Sasa tupeane uzoefu. Nyie mnafanyaje? Na mmeharibu wapi?

Zamu ya Usiku

Mkuu, mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na hilo la mtihani nalishuhudia kila siku ya kutembelea wagonjwa. Ndugu anaingia, bado hajakaa: "Mama, mimi nani?" Mama wa watu anaanza kutetemeka midomo.

Kuna sababu futi imefanya kazi na picha zikakwama. Waliochunguza kumbukumbu za wazee wamekuta kwamba ukimwacha mzee aongee mwenyewe, mengi anayosimulia ni ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Kazi ya kwanza, uchumba, makosa ya ujana. Na akili inapoanza kuchoka, mapya ndiyo hutangulia kupotea. Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo tangu 1881. Kwa hiyo "jana alikuja nani?" ni swali gumu kuliko "mwalimu wako wa kwanza alikuwaje?" Halafu kazi ya mikono imehifadhiwa mahali pake. Nina mgonjwa hajui jina la binti yake, ila mpe nguo zilizofuliwa uone anavyozikunja, pembe kwa pembe.

La sauti: msipige kelele. Uzeeni sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, ukipayuka unamchanganya zaidi. Zima televisheni, kaa mbele yake uso ukiwa kwenye mwanga, shusha sauti iwe nzito, nenda polepole. Na kama mzee ana tatizo la akili kusahau, nenda asubuhi. Wengi wao jua likizama huanza kuhangaika.

Kitindamimba

Babu yangu ana stori moja tu, ya baiskeli. Nimeisikia mara 40. Kila mwaka baiskeli inaongezeka kasi na mlima unaongezeka urefu. Sasa hivi tumefika mahali baiskeli inalipita lori.

Zamu ya Usiku

@Kitindamimba mwache aendeshe 😂. Ila nikwambie kitu: mwaka 1963 daktari mmoja wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliwabishia wenzake waliokuwa wanaona mzee kurudia ya zamani ni dalili ya kuzeeka vibaya. Yeye alisema mtu anapoona safari inakaribia ukingoni hurudi kuyapitia maisha yake, ayapange. Siku moja muulize alikuwa anakimbilia wapi na hiyo baiskeli.

Dada Mkubwa

Mimi nilitaka kumrekodi mama mdogo. Nikaweka simu katikati ya meza, taa nyekundu inawaka. Wallahi alibadilika akawa msoma taarifa ya habari! "Mimi nilizaliwa katika familia ya watoto saba..." Yule mama wa vijembe hayupo tena.

Kaka yangu akashauri tumrekodi kwa kificho. Nikakataa, hayo ni maisha yake, si mali yetu. Nikamweleza mwenyewe. Akasema sawa, rekodi, ila nikisema zima uzime. Basi ninayo dakika 43, inakatika katikati ya sentensi. Yaliyofuata baada ya kuzima nitakwenda nayo.

Miwani Mbili

Mnaochukulia stori za wazee kama ushahidi wa mahakamani, wakutanisheni wawili. Bibi na mdogo wake wa kiume walikuwa watoto siku mmoja alipotumbukia mtoni mwenzake akamvuta. Kila mmoja anasema mwokoaji alikuwa yeye. Si utani, kila mmoja anakumbuka mkono wa mwenzie ulivyokuwa baridi na ulivyoteleza! Mwaka huu wamebishana hadi bibi akachukua fimbo yake akaenda kukaa nje. Ukikumbuka hufungui sanduku, unajenga upya kila mara, na wamejenga miaka 70.

Mimi sijaamua kesi. Nimeandika matoleo yote mawili.

Msafiri wa Wikiendi

Niseme la upande wa pili. Baba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Alikuwa ananiuliza, "Mama yenu yuko wapi?" nami najibu ukweli: alifariki. Basi analia msiba mpya, mbichi, kama kaambiwa leo. Baada ya robo saa anauliza tena. Siku hiyo nimemwua mama mara tano.

Sasa akiuliza nasema, "Umemkumbuka eh? Hivi mlionana wapi mara ya kwanza?" Anaanza kusimulia, anatabasamu, anamwita kwa jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia.

Kitindamimba

Pole sana mkuu. Lakini huko si kumdanganya?

Msafiri wa Wikiendi

Sijamwambia kwamba yuko hai. Nimemuuliza swali. Zaidi ya hapo sina jibu.

Dada Mkubwa

Na wapo wasiotaka kukumbuka, tuwaheshimu. Baba mkubwa kuna miaka miwili ya ujana wake haigusi. Nilimng'ang'ania mara moja, akasimama akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari. Sikurudia.

Miwani Mbili

Kabla sijasahau: picha za karatasi ziandikeni majina nyuma, kwa penseli laini, peni hukandamiza na wino hupenya. Fanyeni mzee akiwa hai. Kwetu kuna sanduku lina nyuso kumi na moja ambazo hakuna aliyebaki wa kuzitaja. Mmoja ameshika mtoto, na huyo mtoto huenda ni mjomba wangu, huenda si yeye.

Mjukuu wa Tatu

Wakuu, mrejesho. Nimerudi kwa babu jana asubuhi, kama alivyoshauri Zamu ya Usiku. Televisheni nimezima, simu imebaki mfukoni. Nilibeba shati lenye kifungo kilichokatika, nikamwomba anielekeze. Hakuelekeza. Alininyang'anya. Kutia uzi kwenye sindano nilimsaidia mimi, kazi iliyobaki yote yake, na katika kifungo kimoja nimepata habari za chumba alichopanga na wenzake watatu wenye jozi moja tu ya viatu vizuri, wanavaa kwa zamu.

Nikamwambia kwamba lile begi nimelihamishia bega la kushoto. Hakunijibu. Akavuta futi shingoni, akanisimamisha dirishani, akanipima tena.

"Bado," akasema.