Eti "mama, rudi kwenye mafiga"! Leo, mbele ya watu!

Wakuu, habari za jioni. Sijala tangu asubuhi na mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Kuna mtu hapa Dodoma anauza majiko ya presha ya umeme. Mnamjua. Kila mwenye simu mjini hapa anamjua, maana akishaanza kupika mubashara huna pa kukimbilia, anagonga mfuniko kwa zile kucha, "wapendwa, makande dakika arobaini!" Simtaji. Duka liko palepale mnapopajua.

Leo saa nne asubuhi mtu huyo kaniambia, wateja wamejaa mpaka mlangoni: "Mama, hiki chombo kinataka mtu aliyeenda shule. Wewe rudi kwenye mafiga."

Rudi kwenye mafiga! Mimi!

Nilinunua jiko kwake mwezi uliopita, laki moja na themanini, hela ya mchezo niliyoisubiri miezi saba. Lita 6, wati 1000. Na jiko lenyewe sitalisingizia, linapika. Maharage niliyoloweka usiku, dakika 25. Ukijumlisha muda wa kupanda presha na wa kuiacha ishuke yenyewe, saa nzima haifiki, na luku haitikisiki, nusu uniti hailiwi. Njugu mawe, zile ambazo mama yangu kule Mvumi alikuwa anazibandika alfajiri na tunazila jua linazama, saa moja tu! Nilikuwa naliinamia lile jiko natazama kale kapini kekundu. Kakishuka, tik, unazungusha mfuniko, mvuke wa njugu unakujaa usoni. Nililipenda jamani. Wajukuu walikuwa wanapigania nani abonyeze kitufe.

Sasa ndipo akaja na somo lake la kufungia chakula kwenye chupa. Kasema mubashara, tumemsikia wote: nyama, maharage, kunde, tia kwenye chupa za kioo, panga ndani ya jiko, bonyeza kitufe cha mvuke dakika 30, basi, kinakaa kabatini mwaka mzima bila friji. Nikafanya vilevile, neno kwa neno. Chupa 9. Sita za maharage, tatu za nyama ya mbuzi. Nikazipanga kabatini, kila mgeni akija namfungulia aone.

Siku ya tano usiku tumelala, nasikia jikoni paa! Nyumba nzima imeamka, mbwa wa Nkuhungu yote wanabweka. Mfuniko umeruka, supu ya mbuzi iko kwenye kalenda. Nyingine nne zimevimba mifuniko kama shavu la mwenye jino bovu.

Nikachukua moja nikaiviringisha kwenye kanga, nikapanda bajaji, nikampelekea. Kwa adabu zote nikamwambia, "Mwanangu, hebu nitazamie hapa nimekosea wapi." Chupa hakuishika. Hakuitazama hata. Alitazama ndala zangu. Zilikuwa na vumbi, ndiyo, mvua haijanyesha toka lini huku kwetu? Akazitazama, akanitazama usoni, akarudi kwenye ndala. Ndipo akasema la mafiga.

Shikamoo yenyewe hakutoa! Mtu anayelingana na mwanangu wa tatu! Kuna kijana alicheka mpaka akakalia boksi la feni, boksi likabonyea.

Nimerudi nyumbani na chupa yangu kwenye kanga. Njia nzima nasikia mafiga, mafiga, mafiga. Hivi ndala zangu zina uhusiano gani na mfuniko kuvimba?

Siti ya Mbele: Nimefika, nimekaa, miguu nimenyoosha. Mama endelea. Supu iliangukia mwezi wa ngapi kwenye kalenda?

Kijana wa Kizota: "Shavu la mwenye jino bovu" nimecheka hadi mwenzangu wa chumba kaamka. Ila uzi bila picha ya chupa ni chai.

Mama Njugu (mleta uzi): Picha ya nini? Picha itaonyesha alivyozitazama ndala zangu?

Mke wa Fundi: Huyohuyo! HUYOHUYO! Mimi jiko langu raba ya mfuniko ilikuja fupi, haikai kwenye mfereji wake. Presha haipandi, mvuke unatokea ubavuni unapiga kelele kama kibasi kinachoita abiria. Nikarudisha. Akaniambia nimezoea sufuria la mfuniko wa bati ndiyo maana. Raba mpya nimenunua kwa hela yangu.

Mama Njugu (mleta uzi): Afadhali wewe ulipewa sufuria la bati. Mimi nimepewa mafiga.

Mzee wa Makole: Serikali ina mkakati wa kuanzia 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Halafu muuza nishati safi mwenyewe anawarudisha watu kwenye kuni. Huyo anahujumu mkakati.

Kijana wa Kizota: Mzee, mwanamke kasema mafiga, wewe umefika kwenye uhujumu.

Msindikaji: Mama shikamoo. Nimesomea mambo ya chakula, naomba unisikilize kabla ya yote. Hizo chupa zilizobaki usizionje. Hata ncha ya kijiko. Hata zile ambazo mifuniko haijavimba.

Kwenye maharage au nyama iliyofungwa bila hewa anaweza kukua bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Sumu yake si lazima inuke wala ibadili rangi ya chakula. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinamlegea, kumeza kunakuwa shida, mwisho pumzi. Kama kuna aliyekula nyumbani na ana dalili hizo, ni hospitali sasa hivi.

Mbegu za huyo bakteria haziuawi na maji ya kuchemka. Zinataka joto la nyuzi 116 mpaka 121, na hapa mjini tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndiyo maana wenye mitungi halisi ya kusindikia, ile mizito yenye kijiwe cha presha juu, kwenye mwinuko kama wetu wanaweka cha paundi 15. Chupa ya nusu lita ya maharage au nyama inakaa humo dakika 75 tangu presha ifike, ya lita moja dakika 90. Jiko lako limetengenezwa kuivisha chakula cha kula leo. Presha yake haifiki huko, na kitufe cha mvuke hakiligeuzi kuwa mtungi wa kusindikia. Zile dakika 30 ni za kuua watu.

Zifunge na mifuniko yake kwenye mifuko miwili, zitupwe mbali na watoto, kuku na mbwa. Pale iliporuka vaa glavu, pasafishe kwa maji yenye klorini. Na uelewe, mama, hukukosea wewe. Umefundishwa vibaya.

Mama Njugu (mleta uzi): Marahaba mwanangu. Mmeona? MMEONA? Huyu kasoma na kaanza na shikamoo. Hakuna aliyekula, namshukuru Mungu, nilikuwa naziweka za Krismasi. Wajukuu wangu wangezila Krismasi! Na ningemwambia nini mama yao? Nimeshazifunga sasa hivi, zote, na hiyo niliyompelekea. Na yeye kesho atasimama tena mbele ya simu afundishe mwingine. Mimi niliyekwenda kumwonyesha chupa ndiye nikaambiwa nirudi kwenye mafiga.

Msindikaji: Ukitaka cha kuweka kabatini, anza na vyenye uchachu. Nyanya za kuponda: zichemshe, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya chupa kwa kila nusu lita, maana ya chupa uchachu wake haubadiliki kama wa limau la sokoni. Funga, zamisha chupa kwenye sufuria kubwa la maji yanayochemka, maji yazifunike kabisa, dakika 45 kwa mwinuko wetu. Jamu ya zabibu pia, na zabibu ndizo zetu. Maharage pika kwenye jiko lako, yagandishe kwenye friza.

Siti ya Mbele: Friza unaigawa wewe?

Bibi Mchicha: Kwani kukausha juani kuna tatizo gani? Mlenda mkavu, majani ya kunde makavu, sisi tumelelewa nayo kiangazi chote na hakuna kilichowahi kulipuka.

Dereva wa Kibaigwa: Mmenikumbusha mlenda. Mke wangu kanunua jiko hilohilo kwa mtu huyohuyo, akatia mlenda na magadi, akafunga mfuniko. Wakuu, povu lilipanda likaziba tundu la mvuke. Baadaye akalifungulia kwa nguvu, mlenda ukaruka hadi darini. Wiki ya pili sasa unaning'inia, hatuna ngazi.

Bibi Mchicha: Mlenda kwenye presha! Nani anafunika mlenda? Mlenda unasimama nao, unaupekecha, unautazama. Huyo mkeo katokea wapi?

Dereva wa Kibaigwa: Bibi, naomba tusifike huko.

Mke wa Fundi: Kitu chochote cha povu usijaze kupita nusu ya sufuria, na usikifungulie mvuke haraka. Kiache dakika 15, 20, pini ishuke yenyewe. Hili nalo hakutufundisha.

Mama Njugu (mleta uzi): Atafundisha saa ngapi wakati anatazama ndala za watu?

Kijana wa Kizota: Mama, hizo ndala zina rangi gani?

Mama Njugu (mleta uzi): Za bluu. Na ni mpya.

Maji Chumvi: Mimi shida yangu si presha, ni maji. Sufuria la ndani limeota utando mweupe, ukichemsha mara tatu ni kama umepaka chokaa. Nasugua mpaka viganja vinawaka. Kwenye birika ndiyo usiseme.

Mzee wa Makole: Maji ya visima vya Mzakwe hayo. Weka maji ya limau au siki, chemsha, acha usiku kucha, asubuhi linabanduka. Usikwangue kwa chuma, utaitoa ile ngozi nyeusi ya sufuria.

Maji Chumvi: Nimeshakwangua.

Mzee wa Makole: Pole.

Mpangaji Ilazo: Nyie mnalia na muuzaji, mimi nalia na mwenye nyumba. Tunachangia luku wapangaji watano. Siku ameona boksi la jiko likiingia getini, kaitisha kikao. Kikao! Ananiambia "hilo dude linakula umeme, utalipa mara mbili ya wenzako." Nimemweleza kwamba presha ikishapanda linajikata, linawaka kidogo kidogo, hataki. Wakati huo mke wake ana pasi, ana hita ya maji ya kuoga, ana friji mbili, moja ya biashara ya barafu!

Mke wa Fundi: Barafu za kuuza kwenye luku ya kuchangia???

Mpangaji Ilazo: Mia mia. Watoto wanapanga foleni getini kuanzia saa tano.

Siti ya Mbele: Nimehamisha kiti, nimekileta huku kwa mwenye nyumba.

Dereva wa Kibaigwa: Wa kwangu alikuwa anazima swichi kuu saa nne usiku, eti tulale mapema tuwahi kazini. Mimi naendesha lori usiku.

Mama Njugu (mleta uzi): Jamani turudi kwenye uzi. Mtu kaniambia nirudi kwenye mafiga, na anafundisha watu kula sumu.

Kijana wa Kizota: Tumesikia mama, pole sana. Mpangaji, hiyo hita ya kuoga ni ile ya kutumbukiza kwenye ndoo? Ile ni balaa, inakula kuliko jiko lako mara dufu.

Mpangaji Ilazo: Hiyohiyo! Asubuhi ndoo mbili, jioni ndoo mbili, Dodoma hii, mwezi wa kumi na moja, jua linachoma mpaka mabati yanalia, mtu anaoga maji ya moto!

Bibi Mchicha: Ana miguu inauma labda.

Mpangaji Ilazo: Bibi, ana miaka thelathini na mbili.

Mzee wa Makole: Hamia sehemu yenye luku ya peke yako, kijana. Usigombane na mtu mwenye swichi kuu.

Mpangaji Ilazo: Ndicho ninachotafuta. Mwenye kujua chumba na sebule, luku yake, maji ndani, Ilazo au Kisasa, anitumie ujumbe. Madalali msinitafute.

Maji Chumvi: Kipo Nkuhungu. Maji ni ya chumvi lakini.

Mama Njugu (mleta uzi): Nyumba ya tatu kutoka kwangu hiyo. Mwenye nyumba ni mtu mwema, mpangaji akimwona anamwamkia kwanza yeye. Uje na jiko lako, hatakuitia kikao.