Tupeane uzoefu: Uungwana na usaliti katika gemu za kunusurika

Wanajamvi, naomba tupeane uzoefu wa namna watu wanavyotendeana katika gemu za kunusurika zinazochezwa na watu wengi mtandaoni, hasa DayZ na Rust, ambamo hakuna polisi wala hakimu, na kila mmoja anaamua mwenyewe amfanyie nini mgeni anayekutana naye njiani. DayZ ilianza mwaka 2012 kama nyongeza ya gemu ya Arma 2, kazi ya Dean Hall wa New Zealand, na ugumu wake ni kwamba ukifa unapoteza kila ulichokusanya na kuanza upya ufukweni. Kwa hofu hiyo wengi hufyatua risasi kabla ya salamu, nami siwalaumu sana. Ninayemhesabu kuwa mbaya ni yule anayekujia kwa maneno matamu akiwa ameshapanga kukumaliza.

Nianze mimi. Katika toleo lile la awali mtu hakuweza kujiongezea damu mwenyewe; ilikuwa lazima mchezaji mwingine amwekee. Nilikuwa nje ya Elektrozavodsk, mji wa ndani ya gemu, damu imepungua hadi rangi zimefifia kwenye skrini, niliposikia mtu nisiyemfahamu akiniambia kwa Kiingereza nisisogee. Aliniwekea mfuko wa damu, akaacha kopo la maharage chini, akashika njia ya kaskazini bila kudai hata risasi moja. Bunduki yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, na kama angeniua hakuna ambaye angejua.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, mimi nimeonja upande wa pili, katika Rust. Huko ukitoka mtandaoni mwili wako wa kwenye gemu hubaki umelala palepale, na anayeufikia anaweza kuua na kupora. Tulimpokea kijana aliyekuja na jiwe na mwenge tu, vitu ambavyo kila anayeanza hupewa, tukamlisha, tukamwonyesha machimbo, hatimaye tukampa namba za kufuli ya mlango. Alisubiri sote tulale, akafungua, akatuchinja mmoja baada ya mwingine na kubeba salfa yote, madini ya kutengenezea baruti. Watu husema ni mchezo tu, lakini saa tulizotumia kuchimba zilikuwa saa za maisha yetu, na aliyecheka nasi kila jioni alikuwa mtu wa kweli.

Mchangiaji wa tatu:
Kundi letu la Rust halimgusi mgeni aliye na jiwe tu. Tunamwachia kitambaa na nyama, anapita.

Mchangiaji wa nne:
Naheshimu maoni yenu, ila kwangu kuvamia na hata kusaliti ni sehemu ya gemu, na kila anayeingia anajua. Mpaka wangu uko kwenye maiki, yaani maneno tunayoambiana. Rust humpangia mchezaji rangi ya ngozi na jinsia kwa kufuata akaunti yake ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, wala hawezi kubadilisha, kwa hiyo weusi na weupe hupewa miili bila kuchagua. Nimesikia mtu akimtukana mwenzake kwa weusi wa mwili aliopangiwa, kisha alipoisikia lafudhi yangu akanigeukia mimi. Kuporwa nilishazoea, siku hiyo nilihama seva, yaani ulimwengu wa gemu tuliokuwa tukichezea, na wenzangu watatu, mmoja wao Mzungu ambaye hakuguswa na tusi hata moja, waliacha ngome yao wakanifuata.